Nafasi ya Unene wa Wembe: Historia ya Kupima Supape, Kutoka Magari ya Mbio Hadi Lupango za Likasi

Wembe wa pande mbili, ule unaouzwa katika kila kibanda cha Kikula na Panda, una unene wa karibu milimita 0,10. Unene huo huo ndio nafasi ambayo kiwanda cha Porsche, kule Ujerumani, kiliandika kwa kila supape ya gari lake la mbio la 911, motere ikiwa baridi. Ndiyo pia nafasi ya supape za kuingiza hewa katika Peugeot 404, na kwa miaka mingi ilikuwa nafasi ya Volkswagen Coccinelle, kabla haijapandishwa hadi 0,15. Gari la tajiri wa Ulaya na gari la mwalimu wa Katanga yalipimwa kwa kipimo kimoja.

Nafasi hiyo ni ndogo, lakini imeua motere nyingi. Historia yake ni pia historia ya mikono iliyojifunza kuipima: katika karakana za kampuni, katika mashindano ya Afrika Mashariki, na mwishoni katika lupango za watu wa Likasi, chini ya mti wa mwembe.

Kwanza ieleweke nafasi hiyo ni ya nini. Ndani ya motere, supape ni mlango wa chuma. Mmoja huingiza hewa na mafuta, mwingine hutoa moshi. Motere ikizunguka mara 3.000 kwa dakika, kila mlango hufunguka mara 25 kwa sekunde moja. Unasukumwa na mkono mdogo wa chuma unaoinuka upande mmoja na kushuka upande mwingine. Mafundi wa Kongo huuita kilbitere, kutokana na Kifaransa. Kati ya ncha ya kilbitere na ncha ya supape, lazima ibaki nafasi.

Sababu ni joto. Chuma kikipata moto hurefuka. Supape ya sentimita 10 ikiongezewa joto la nyuzi 500 huweza kurefuka kupita nusu milimita. Sehemu nyingine za motere nazo hurefuka, lakini si kwa kiasi kile kile. Bila nafasi, supape iliyorefuka hukosa pa kwenda. Inabaki wazi kidogo wakati inapaswa kufunga kabisa. Moto wa silinda unapita kwenye ufa huo, unalamba ukingo wa supape, na baada ya siku au majuma ukingo unaungua kama mkate uliosahauliwa jikoni.

Hapo ndipo wenye magari wengi hudanganyika. Nafasi ikiwa kubwa mno, motere hupiga kelele, ta-ta-ta-ta, na nguvu hupungua. Mwenye gari husikia na kumwita fundi. Nafasi ikiwa ndogo mno, motere hunyamaza. Mwenye gari hufurahi na kusema gari limetulia. Kumbe supape ya moshi inaungua polepole. Mafundi wa zamani walifundisha vijana jambo hilo kabla ya kuwapa funguo: motere inayolia inaweza kungoja hadi kesho, lakini iliyonyamaza ghafla isingojwe.

Katika mashindano ya magari, somo hilo lilijulikana kwa gharama kubwa. Mashindano makubwa ya Afrika Mashariki yalianza mwaka wa 1953, yakiitwa Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza, na baadaye yakajulikana kama Safari Rally. Yalipita Kenya, Uganda na Tanganyika, kwenye vumbi, matope na mito iliyofurika. Mwaka wa 1963 magari 84 yalianza na 7 tu yakamaliza. Mwaka wa 1968 yalianza 93, na tena yakamaliza 7.

Ukitazama majina ya magari yaliyoshinda, utaona ni yale yale yaliyotembea katika barabara za Katanga. Volkswagen ya kawaida ilishinda 1954, 1957 na 1962. Peugeot 404 ilishinda 1963, kisha mara tatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968. Mara mbili kati ya hizo usukani ulikuwa mikononi mwa Bert Shankland, dereva aliyeishi Tanzania. Porsche 911 nayo, pamoja na mbio zake zote, ilifika ya pili mwaka wa 1972, ya pili tena mwaka wa 1974, na ya pili tena mwaka wa 1978. Katika miaka hiyo ya Safari Rally ya kwanza haikushinda hata mara moja. Tena Porsche ilikuwa ndugu wa Coccinelle: magari yote mawili yalitoka katika ukoo wa mhandisi Ferdinand Porsche, na gari la kwanza la jina hilo, Porsche 356 la mwaka wa 1948, lilitumia motere iliyotokana na ile ya Volkswagen.

Mshindi anayekumbukwa zaidi katika nchi hizo ni Joginder Singh, Mkenya wa jamii ya Masingasinga aliyezaliwa Kericho mwaka wa 1932. Kabla ya kuwa dereva alikuwa fundi, aliyejifunza kazi katika garaji ya baba yake. Mwaka wa 1965 yeye na ndugu yake Jaswant walishinda Safari kwa Volvo PV544 ambayo ilikuwa imekwisha kutumika katika mashindano ya mwaka uliotangulia. Gari la mkono wa pili, katika mashindano ya makampuni makubwa! Alishinda tena 1974 na 1976, akiendesha Mitsubishi Lancer. Motere ya Volvo ile ilikuwa ya visi na ekru juu ya kila supape, kazi ambayo fundi yeyote mwenye subira angeweza kuifanya nyumbani. Dereva anayeijua motere yake kwa mikono husikia mapema inapobadilisha sauti, na kwenye barabara ya mbali hiyo ni faida kuliko nguvu za farasi.

Huku Katanga, kazi hiyo ilianza ndani ya kuta za kampuni. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka wa 1906, na reli kutoka kusini ikafika Élisabethville mwaka wa 1910. Mji wa Likasi ukakua kando ya migodi na viwanda vya Shituru na Panda, ukaitwa Jadotville kwa jina la Jean Jadot, mkubwa mmoja wa kampuni za Wabelgiji. Jina la Likasi lilirudi mwaka wa 1966. Mashine za migodi, makamio na treni zilihitaji mafundi, na kampuni pamoja na wamisionari walifungua shule za ufundi. Karakana kuu za Panda zikawa mahali ambapo kijana aliingia akijua nyundo akatoka akijua milimita.

Lakini wakati wa Wabelgiji, magari mengi ya binafsi yalikuwa ya Wazungu, na kitabu cha motere kiliandikwa kwa Kifaransa. Fundi Mwafrika alifungua kifuniko, akashika visi, akafunga ekru. Hesabu ya nafasi mara nyingi ilibaki kichwani mwa bwana mkubwa. Baada ya uhuru wa 1960 hesabu hiyo ilibadili mikono. Tarehe 1 Januari 1967 serikali ya Mobutu ilichukua mali ya Union Minière, na kampuni ya taifa iliyozaliwa hapo ndiyo ambayo baadaye ilikuja kuitwa Gécamines. Magari yakaenea kwa wafanyakazi, walimu, wafanyabiashara. Peugeot 404 na Coccinelle zikawa magari ya familia, ya teksi, ya harusi na ya mazishi.

Kisha likaja tangazo la tarehe 30 Novemba 1973, la kuzifanya biashara za wageni kuwa mali ya Wazaire. Maduka, mashamba na biashara za kati ziligawiwa wenyeji wapya, wengi wao bila uzoefu wa kazi hiyo. Mali iliyokuwa kwenye rafu ikauzwa, na haikuletwa nyingine. Kipuri kikawa adimu. Supape iliyoungua haikubadilishwa tena kwa kwenda dukani. Ilisagwa upya kwa mkono, kwa unga wa kusagia, juu ya kiti chake, saa baada ya saa. Watu wakarudi kwenye Ibara ya 15, ile ambayo kila Mkongomani anaijua ingawa haiko kwenye katiba: jipange mwenyewe. Na kwa sababu supape mpya haikupatikana, kutunza nafasi ya ile ya zamani kukawa kazi ya lazima.

Miaka ya 1990 ilivunja kilichobaki. Mgodi wa Kamoto uliporomoka mwezi wa Septemba 1990. Gécamines, ambayo katikati ya miaka ya 1980 ilitoa tani zaidi ya 400.000 za shaba kwa mwaka, ikaanguka hadi chini ya 50.000 katika miaka michache. Na katika mwaka wa 1992 mji wa Likasi ulipata jeraha ambalo bado linauma. Familia zenye asili ya Kasai, wengi wao wakiwa wazaliwa wa Katanga na wafanyakazi wa kampuni na wa reli, zilifukuzwa kutoka nyumba zao. Makumi ya maelfu ya watu walilala kwenye kituo cha treni na kandokando yake, wakingojea gari moshi la kwenda Kasai. Watoto wengi na wazee walikufa kwa magonjwa na njaa wakingojea, na wengine wakafia njiani.

Aliyepanda treni ile hakuweza kubeba kabati wala nyumba. Aliyekuwa fundi alibeba kilichokuwa mkononi na kichwani. Mji uliobaki ulipungukiwa mafundi, na mji walikokwenda ulipokea watu wenye ujuzi lakini wasio na vyombo. Hasara hiyo haikuandikwa katika hesabu ya tani za shaba. Ilionekana katika magari yaliyosimama.

Pigo la mwisho kwa karakana za kampuni lilikuja 2003 na 2004, wakati zaidi ya wafanyakazi 10.000 wa Gécamines walipoondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari, uliolipiwa kwa msaada wa Banki ya Dunia. Wengi walikuwa na miaka mingi ya kazi. Fedha waliyopewa iliisha upesi. Ujuzi ulibaki, na ukahamia lupangoni. Ubao wa mbao kwenye mlango, tairi kuukuu kando ya njia, kopo la mafuta machafu: ndivyo garaji mpya za Likasi zilivyojitambulisha.

Kazi yenyewe haikubadilika tangu siku za Jadotville. Hufanywa asubuhi, kabla gari halijawashwa, kwa sababu kipimo cha baridi hakisomwi kwenye motere ya moto. Kifuniko cha juu hufunguliwa polepole ili jwenti isichanike, kwa kuwa jwenti mpya ni fedha nyingine. Motere huzungushwa kwa mkono hadi pistoni ifike juu kabisa, supape zote mbili za silinda ile zikiwa zimefunga. Kwa Peugeot 404 yenye silinda 4, mafundi wana hesabu rahisi ya tano: supape za silinda ya 4 zikicheza pamoja, moja ikifunga na nyingine ikifungua, pimwa silinda ya 1, zikicheza za 2, pimwa ya 3. Mbili zile zikijumlishwa daima hutoa 5.

Halafu kibati cha kupimia huingizwa kati ya kilbitere na supape: 0,10 upande wa kuingiza, 0,25 upande wa moshi, kwa sababu upande wa moshi ndio wenye joto kali. Kibati lazima kipite kwa kushikwa kidogo, kama karatasi inayovutwa kutoka katikati ya kitabu kizito. Kikipita bure, nafasi ni kubwa. Kikikwama, ni ndogo. Visi huzungushwa kidogo kwa turnivisi, kisha hushikiliwa palepale wakati ekru inapofungwa. Hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea: ekru ikifungwa huvuta visi pamoja nayo, na nafasi iliyokuwa sawa hubadilika. Kwa hiyo hupimwa tena baada ya kufunga. Kazi haijaisha kabla ya kipimo hicho cha pili.

Asiye na vibati hutumia wembe. Si ujinga, ni hesabu. Wembe mpya, usio na kutu, unakaribia 0,10. Hauwezi kuchukua nafasi ya kipimo cha kweli, na kwa upande wa moshi wa 404 hautoshi hata kidogo, lakini umeokoa motere nyingi mahali pasipo na duka la vyombo.

Coccinelle ilikuwa na fumbo lake. Motere yake hupozwa kwa upepo, na katika zile za zamani kipoza mafuta kilisimama kwenye njia ya upepo wa silinda ya 3. Silinda hiyo ikapata joto kupita nyingine, na supape yake ya moshi ndiyo iliyoungua kwanza. Mafundi wengi duniani waliiachia nafasi kubwa kidogo kuliko nyingine. Kiwanda kilihamisha kipoza hicho kwenye motere za mwaka wa 1971. Fundi aliyesoma supape zilizoungua, bila kusoma kitabu, angeweza kugundua jambo lile lile: yule wa tatu apewe nafasi zaidi.

Mafuta nayo yalibadili kazi. Zamani esansi ilitiwa risasi, na risasi hiyo ililinda viti vya supape. Ilidhuru pia akili na damu za watoto, ndiyo maana nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliiacha kufikia mwanzo wa mwaka wa 2006. Ilikuwa jambo jema. Lakini katika motere za zamani zenye viti vya chuma laini, supape zilianza kuzama polepole kwenye viti vyao. Supape ikizama, nafasi hupungua. Motere hizo zikahitaji kupimwa mara nyingi zaidi kuliko kitabu kilivyosema.

Viwanda, kwa upande wao, vilitafuta njia ya kumwondoa fundi. Tangu mwaka wa 1930, Cadillac ya Marekani ya silinda 16 ilikuwa na chombo kinachojaza nafasi hiyo chenyewe kwa nguvu ya mafuta ya motere. Porsche 911 ilingoja hadi miaka ya 1990 kufanya hivyo. Magari mengi ya mkono wa pili yanayofika Katanga leo kupitia Dar es Salaam na Kasumbalesa hayana visi wala ekru juu ya supape. Katika baadhi yao nafasi hubadilishwa kwa kuweka kofia nyingine ya chuma yenye unene tofauti, na kofia hiyo haitengenezwi chini ya mwembe.

Je, ujuzi huu umekufa? Tazama njia kuu ya Likasi saa 12 ya asubuhi. Pikipiki zinazobeba abiria, nyingi zikiwa zimejengwa kwa mfano wa Honda CG125 iliyotokea katikati ya miaka ya 1970, zina supape mbili tu, na juu ya kila moja kuna visi na ekru, kama zile za Volvo ya Joginder Singh. Kwa CG125 nafasi ni 0,08, chini kidogo ya wembe. Kijana anayelipa pikipiki kwa versement ya kila siku akisikia imenyamaza na kukosa nguvu mlimani, ana asubuhi moja ya kuamua. Akiipima, ametumia nusu saa. Akiiacha, supape ikiungua, atapoteza siku nyingi za mkate, na mwenye pikipiki hatasubiri.

Kwa familia zilizokimbia Mitwaba na Pweto wakati wa mashambulizi ya Mai-Mai, na kwa wengine waliofika mjini na mzigo mmoja tu kichwani, hesabu hii si ya wapenda magari ya mbio. Seti ya vibati huingia mfukoni. Turnivisi na funguo mbili huingia kwenye mfuko wa shule. Haihitaji umeme, ambao hukatika, wala garaji yenye paa. Inahitaji mtu mzima mmoja anayekubali kukaa na kijana mara nne au tano, amwonyeshe jinsi kibati kinavyoshikwa, na amkataze kufunga kifuniko kabla ya kupima mara ya pili.

Wazee waliojifunza katika karakana za Panda wanapungua kila mwaka. Wale waliopanda treni mwaka wa 1992 wamezeeka pia, kule Mbuji-Mayi, Mwene-Ditu na Kananga, au wamerudi kimyakimya. Kitabu cha kiwanda kitasema 0,10 au 0,08. Lakini kushikwa kule kidogo kwa kibati, kati ya bure na kukwama, hakuandikwi. Hupokelewa kwa mkono, kutoka kwa mkono mwingine, motere ikiwa bado baridi.